Nani Alikuona?

Nianze na nywele, maana kosa lenyewe lilianzia kichwani kwangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Itilima, upande wa kwenda Migato. Nafundisha Uraia na Maadili, na mlezi wa klabu ya amani ya shule ni mimi. Mwaka huo, wakati wa palizi ya pamba, binti wa mama yangu mdogo alikuwa anaagwa Bariadi mjini kabla ya harusi yake. Sare za kitenge tulikuwa tumeshashona, ukumbi umeshalipiwa, na mimi sikuwa tayari kukaa meza ya ndugu na kichwa timtim. Nikapanga Alhamisi niende mjini nikasuke. Jumatano asubuhi akafariki mzee mmoja wa kitongoji chetu, na maziko yakapangwa Alhamisi hiyo hiyo.

Msiba kwetu hauchagui. Kaya inatoa mtu, mwanamke anakuja na ndoo ya maji au kuni, mwanamume anashika jembe. Asiyeonekana anaulizwa, na asiye na sababu anashughulikiwa. Nalijua hilo tangu utoto, maana ingawa nimezaliwa mjini Bariadi na Kisukuma changu wanakicheka, bibi yangu alikuwa wa kijijini na alinilea. Kwa hiyo nilijua kabisa nilichokuwa nafanya nilipompigia simu mwenyekiti wa kitongoji nikamwambia nimeitwa mkoani kikazi. Akanijibu niende salama, kazi ya serikali haingoji. Ungenisikia sauti niliyotumia, ungedhani natumwa na rais.

Saluni ninayosukia iko Somanda, karibu na hospitali. Saa saba mchana nilikuwa nimesukwa upande mmoja tu, njaa inaniuma, msusi mwenyewe kaenda kumchukua mtoto shule. Nikajitupia kanga kichwani nikavuka barabara kwenda kwa mama ntilie. Pale kwenye benchi nikakutana uso kwa uso na jirani yangu wa kijijini, mama mwenye nyumba ya tatu kutoka kwangu, ameshika chupa ya chai, na pembeni yake binti yake wa darasa la tano. Mwanafunzi wangu.

Dada wa yule mama alikuwa amelazwa, kafanyiwa upasuaji, na hakuna mwingine wa kumuuguza. Binti alikuja naye kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwachia. Siku nyingine ningeuliza kwa nini mtoto hayupo shuleni, na ningeuliza kwa ukali, ndivyo nilivyo. Siku hiyo sikuwa na mdomo. Kanga iliteleza, nywele zikaonekana, nusu misuko nusu msitu, na yule mama akaelewa kila kitu kabla sijafungua kinywa.

"Mayu," nikamwambia, yaani mama, "hujaniona."

Akacheka. "Sijakuona, mwalimu."

Mtoto naye akacheka, mdomo umejaa chapati. Nikawalipia chai, tukacheka tena wote watatu, nikarudi saluni kumalizia upande wa pili.

Wiki iliyofuata kikaitwa kikao kwenye godauni la pamba. Waliokosa maziko walisomwa mmoja mmoja. Jina langu liliposomwa mwenyekiti alisema mwalimu alikuwa na ruhusa, akapita. Likaja la yule mama. Akasimama, akaeleza kuwa alikuwa hospitali Somanda akimuuguza dada yake. Wakamwomba karatasi. Akasema karatasi anapewa mgonjwa, anayeuguza hapewi kitu. Palikuwa na maneno ya chini chini. Mwaka uliopita alikosa maziko mawili, na watu walishaanza kusema anajitenga, anajiona. Mkuu wa sungusungu, ambaye sisi tunamwita mtemi, si mtu mbaya. Alimuuliza kwa upole kabisa.

"Nani alikuona?"

Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili, kwenye gunia, kitambaa kizuri kimefunika misuko mipya. Yule mama alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu, labda kwa muda wa kumeza mate. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Hakuna," akasema.

Wangeniua? Hapana. Wangenicheka, wangenisema wiki mbili, labda mwalimu mkuu angeniita ofisini. Ndiyo hatari yote niliyokuwa ninaikimbia. Nalisema hapa waziwazi kwa sababu nimeshasikia watu wengi wakieleza makosa yao wakiyapamba na hofu kubwa kubwa. Mimi sikuwa na hofu kubwa. Niliona aibu ya nywele.

Wakamtenga.

Kwa asiyejua, kutengwa ni hivi: humsalimii, hujibu salamu yake, humpi moto wala humwazimi kinu, mashine ya kusaga haimsagii, kwenye bomba watu wanasogea mpaka amalize. Anayevunja naye anatengwa. Mlango wa kurudi upo, achinje, watu wale, yaishe. Lakini kuchinja ni kukubali kosa, na yeye alikataa. Alituma ujumbe kuwa hana kosa, na kwamba mbuzi wake ni wa kumtolea dada yake hospitali.

Asubuhi ya kwanza nilitoka na ndoo nikamkuta bombani. Kwetu salamu haina mkato. Unasema mwangaluka, unaitikiwa, kisha unauliza mhola, na mwenzako anakujibu mhola duhu, njema tu, basi ndiyo mnaanza kuulizana watoto, ng'ombe, shamba. Mhola ni neno zuri sana. Ni hali njema, ni habari, na ni amani yenyewe, yote kwa pamoja. Anayeuliza analitamka na anayejibu analitamka. Yeye alinitangulia.

"Mwangaluka, mwalimu. Mhola?"

Wanawake wanne walikuwa pembeni wananiangalia. Nikageuza ndoo yangu kana kwamba ina tope ndani, nikaisugua kwa kiganja. Ilikuwa safi kabisa. Alingoja kidogo, halafu akajitwisha maji yake bila mtu wa kumsaidia na akaondoka.

Hakunisalimia tena. Nadhani aliona ananitesa.

Kuanzia hapo niliishi maisha mawili na nikayazoea, ndiyo mambo ya kuogopesha hayo, unavyozoea. Shuleni niliendelea na mada zangu. Kuheshimu wengine, kuvumiliana, kutatua migogoro. Binti yake alikuwa anakaa dawati la mbele, mtoto mwenye mwandiko mzuri na maswali mengi, na mimi nikawa naandika ubaoni muda mrefu kuliko inavyohitajika ili niwape mgongo. Mara nyingine hakuja, maana walikuwa wanapalilia wawili tu, mama na mtoto, wakati kikundi cha kulima kikipita kwenye mashamba ya wengine na ngoma zao. Nikaandika utoro kwenye rejista. Kwa kalamu nyekundu, kama taratibu zinavyotaka.

Niliwahi kujidanganya kwamba mtoto hajui. Nikasema ni mtoto, alikuwa anakula chapati, ameshasahau. Unaweza kujiambia kitu cha kijinga mara nyingi hadi kikafanana na akili.

Kuna Jumapili padri alikuja kigangoni kwetu, na mimi nikachelewa, kama kawaida yangu. Benchi lililokuwa na nafasi lilikuwa moja tu, na lilikuwa na nafasi kwa sababu yeye na binti yake walikuwa wamekaa hapo. Hata kanisani watu walijua wapi pa kukaa. Nikakaa mwishoni. Ilipofika wakati wa kutakiana amani, akanigeukia akanyoosha mkono. Mkono wenye sugu za jembe, kucha zina udongo mweusi wa mbugani. Padri alikuwa palepale mbele, na mimi ndiye niliyesoma somo la kwanza mwezi uliotangulia kwa sauti ya kutetemesha bati. Nikainama nikaanza kutafuta leso kwenye mkoba. Nilipoinuka mkono ulikuwa bado upo. Basi nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke. Nikapitisha mkono wangu mbele yake, nikampa amani mtoto. Mtoto hakuwa ametengwa, nilijiambia. Sheria inaruhusu.

Mtoto alinipa vidole tu, kisha akavifuta kwenye gauni lake.

Mwezi wa tano nikachaguliwa kwenda semina Bariadi, siku tatu, ya walimu wanaolea klabu za amani. Mwezeshaji alikuwa mtu mtaratibu, anayependa kuchora. Alichora mizizi mikubwa ubaoni akatuuliza amani inayofundishwa inaota kutoka wapi. Mashehe na wachungaji walioalikwa wakataja imani, wengine wakasema dhamiri, wengine malezi ya nyumbani na mila. Tukaandika kwenye vipande vya manila tukabandika. Kisha akauliza kama kuna lugha ya hapa inayolisema neno hilo kwa namna yake.

Nikainua mkono. Kwa nini nisiinue? Nayajua hayo. Nikasimama nikawaeleza mhola, kwamba bibi yangu hakuwahi kuingia darasani lakini alinifundisha kuwa mtu hawezi kuwa nayo peke yake, mpaka amuulize mwenzake na mwenzake amjibu. Nikasema huo ndio mzizi, mingine yote inafuata. Nilisema vizuri, jamani. Watu wakapiga makofi, mwezeshaji akaniomba nirudie ili aandike, na wakati wa chai mwalimu mmoja kutoka Maswa akanishika bega akasema ameguswa.

Nilikwenda chooni nikafungua bomba lisikike likimwaga maji, nikalia. Nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Nilijiona mnafiki, na neno hilo nililitamka kwa sauti mle chooni, mnafiki wewe, na nywele zako. Maana kilichonichoma si kwamba nilikosea kuhusu mzizi. Nilikuwa nimesema kweli tupu. Kijiji changu kinajua amani ni nini kuliko semina nzima, ndiyo maana kinapotaka kumuumiza mtu kinajua hasa cha kumnyima. Na mimi nilimnyima yule mama pamoja nao, nikijua kuwa hana kosa, peke yangu kati ya watu mia kadhaa.

Ungetarajia nirudi nimebadilika. Nilirudi na cheti na begi la semina, nikanyamaza wiki nyingine tatu.

Kilichonitoa ni mchezo. Siku moja mapumziko nikasikia kimya nyuma ya madarasa, na mwalimu anaogopa kimya kuliko kelele. Nikazunguka. Watoto kama kumi wamesimama duara, katikati yuko binti wa yule mama. Anamwendea mmoja anamwambia mwangaluka, yule anageuka. Anamwendea mwingine, anageuka. Anayecheka au kujibu anaingia kati. Walikuwa na kanuni kamili, na zamu. Ila zamu yake haikuisha, na hakuwa analia. Alikuwa anaendelea kusalimia, mmoja baada ya mwingine, kwa adabu.

Nikapandwa na hasira. Nikavunja fimbo ya mnyaa pale uani nikamchapa wa kwanza niliyemfikia, msichana mdogo wa darasa la tatu, nikimfokea nani kawafundisha ushenzi huu. Nilikuwa nimeshainua mkono mara ya pili aliponijibu, na hakukusudia jeuri hata kidogo. Alikuwa anajibu swali.

"Tumewaona bombani, mwalimu. Na wewe."

Nikaitupa fimbo. Nikawaambia waingie darasani. Nikamwomba yule mtoto msamaha, na yeye hakujua aufanyie nini msamaha wa mwalimu, akasema asante.

Jioni hiyo hiyo, jua bado kali, nilikwenda kwa mtemi nikaomba kikao. Kilikaa Jumamosi, godauni lilelile, safari hii limejaa pamba mpya mpaka tukakosa pa kukaa. Nilisimama nikasema yote. Simu kwa mwenyekiti, saluni, chapati, hujaniona. Nikasema kwamba mliuliza nani alimwona, na mimi nilimwona, na nilikuwa nimekaa pale. Nilishajiandaa kwa lolote. Nilitaka wanitenge, ukweli ni huo, nilitaka nifunge mlango wangu mwezi mzima nisisalimiwe na mtu ili nilale usingizi.

Mzee mmoja nyuma akauliza kama nywele zenyewe zilipendeza. Godauni zima likaangua kicheko. Hata mimi mdomo ulitaka kucheka, nikauzuia. Mtemi alisubiri wamalize, akasema mwalimu amekosa, lakini amesema mwenyewe, na mwalimu ni wa serikali, tena anatusomeshea watoto, basi asirudie. Kuhusu yule mama akasema alikuwa na shahidi, kwa hiyo hana kosa, kuanzia kesho asalimiwe. Wakahamia ajenda ya ng'ombe walioingia kwenye viazi vya mtu. Miezi mitano ya mwenzangu na dakika kumi zangu.

Ni mwanamke mmoja tu aliyeninong'oneza tukitoka, jirani wa bombani, mmoja wa wale wanne. Alisema sisi wengine tulidhani anasema uongo, wewe je? Akajifunga kanga akaenda zake.

Kesho yake nikaenda nyumbani kwake. Nilikuta ameshasalimiwa na kijiji kizima, maana watu walipita asubuhi yote, wengine na unga, wengine na aibu. Alinikaribisha. Alinitolea kigoda, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, akaniuliza habari za shule, na alinisalimia salamu ndefu, yote, bila kuruka hatua hata moja. Niliitikia. Nikapiga magoti nikamwomba anisamehe. Akaniinua haraka, akakasirika kidogo, akasema mwalimu hapigi magoti mbele ya mtoto.

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ile.

"Uliniambia sijakuona," akasema. "Nikakubali. Ningekataa pale pale Somanda kama sikutaka."

Kwake lilikuwa jambo fupi kiasi hicho. Neno ameshalitoa. Niliyekuwa nikifundisha sura nzima juu ya uaminifu ni mimi. Nikaanza tena kuomba msamaha, akanikatiza, akasema yake yameisha, ila aliyebaki na yake ni yule pale, akanionyesha kwa kidevu.

Binti alikuwa amekaa kwenye turubai kibarazani anachambua pamba, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Nikaketi chini, mbali naye kidogo. Nikachukua kiganja cha pamba nikaanza kuchambua na mimi, kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia siku ile kwa mama ntilie niliwaona, na kikaoni nilinyamaza, na mama yake akateseka kwa ajili yangu.

Hakuinua uso. Alitoa jani kavu kwenye pamba akalitupa.

"Mama aliniambia nisikuchukie," akasema. "Alisema labda umesahau."

Alikuwa amenifungulia mlango, yule mama, ndani ya nyumba yake mwenyewe, miezi yote hiyo. Kila nilipomwandikia mtoto utoro, kila nilipompa mgongo darasani, alikuwa anarudi nyumbani anaambiwa mwalimu wako amesahau. Na mlango ulikuwa bado wazi. Ningesema ndiyo, mwanangu, nilisahau, mambo mengi, kazi nyingi. Angeamini. Alikuwa ananiangalia sasa, na niliona kabisa kwamba alitaka kuamini.

"Hapana," nikamwambia. "Sikusahau. Nilikuwa nakumbuka kila siku."

Akafikiri. Nilimwona anafikiri vile anavyofanya darasani kabla ya kuinua mkono.

"Hata ulipokuwa unatufundisha?"

"Hata nilipokuwa nawafundisha."